Ute Kama Shahidi: Protini za Njia ya Uzazi na Utambuzi wa Joto la Ng'ombe

Mfugaji mwenye ng'ombe mmoja au wawili wa kufungiwa zizini aghalabu hukabiliwa na swali gumu: je, ng'ombe wake yumo katika joto? Joto, yaani kipindi ambacho ng'ombe hukubali kupandwa, hurejea kila baada ya siku 21 hivi na hudumu kwa saa 12 hadi 18 tu. Likipita bila kutambuliwa, mfugaji hana budi kungoja mzunguko mwingine huku akimlisha mnyama asiye na mimba.

Ishara iliyo wazi zaidi ni ng'ombe kusimama tuli anapopandwa na mwenzake. Hata hivyo, aliye peke yake hana wa kumpanda, na mara nyingi dalili hujitokeza usiku. Ndiposa wanasayansi wakageukia ushahidi ulio ndani ya mwili.

Yai linapokaribia kupevuka, kifuko kinacholilea hutoa homoni ya estrojeni kwa wingi. Homoni hii huchochea mlango wa kizazi kutoa ute mwingi, mwepesi na wenye kuvutika. Ute huo ukikaushwa juu ya kioo na kutazamwa kwa hadubini, chumvi zake huonekana zimejipanga mfano wa majani ya kangaga. Kiunzi cha ute ni protini zenye sukari ziitwazo musini. Hali kadhalika, katika mirija ya uzazi, estrojeni huchochea kutengenezwa kwa protini ijulikanayo kama OVGP1, ambayo hushikamana na yai. Baada ya yai kuachiliwa, homoni ya projesteroni hutawala. Ute hupungua na kuwa mzito.

Wazo linalofuata ni rahisi kueleza. Kingamwili zinazoitambua protini moja pekee hupakwa kwenye kijikaratasi. Protini hiyo ikiwamo katika ute, mstari wa rangi hutokea, sawa na katika kipimo cha mimba cha wanawake. Ugumu uko katika utekelezaji. Viwango hutofautiana baina ya ng'ombe na ng'ombe, na maambukizi ya mfuko wa uzazi hubadilisha ute. Isitoshe, kipimo sharti kitangulie yai, ambalo huachiliwa takriban saa 30 tangu joto lianze. Kikichelewa, hakimfai mhimilishaji.

Hapa ndipo wanaisimu wanapohusika. Kauli "ng'ombe ana joto" yaweza kumaanisha ana homa, au yu tayari kupandwa. Maelezo ya kipimo yakiliacha neno hilo bila ufafanuzi, mfugaji huenda akamwita tabibu wa mifugo badala ya mhimilishaji, na saa zile chache zikapita. Istilahi, kwa hivyo, si pambo la kamusi. Kwa mfugaji huyu, ni ndama na maziwa.