Jiko Jipya, Boila Kuukuu

Anayenunua fleti iliyokarabatiwa ndani ya jengo la zamani hununua vitu viwili kwa mkupuo: vyumba anavyotembezwa na dalali, na fungu lake la paa, boila, mabomba na ngazi ambazo dalali hana haraka ya kumwonyesha. Mimi ni fundi rangi na plasta, mzaliwa wa Tanga, na riziki yangu naipata Oak Park, mji mdogo unaopakana na Chicago upande wa magharibi. Kuta za fleti za hapa nazijua hadi tabaka la chini. Ndiyo maana ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaoishi huku, wakianza kutafuta pa kununua, huniomba niende nao kutazama.

Mji wenyewe umekuzwa na reli. Mwaka 1848 reli ya kwanza kutoka Chicago, ya kampuni ya Galena and Chicago Union, ilipita hapa kuelekea magharibi, na baada ya moto mkubwa wa Chicago wa 1871 watu walizidi kuhamia huku, mchana wakifanya kazi mjini, jioni wakirudi kwa treni. Mbunifu wa majengo Frank Lloyd Wright alijenga nyumba yake hapa mwaka 1889; kanisa alilolibuni, Unity Temple, lililokamilika 1908, liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2019. Watalii huja kupiga picha majengo hayo. Mtu wa mshahara wa kawaida nyumba za aina hiyo hazigusi, ila anaweza kujaribu fleti katika majengo ya matofali ya kuchoma ya miaka ya 1920: ghorofa tatu, yamezunguka ua pande tatu, si mbali na kituo. Treni ya Njia ya Kijani inaishia hapa, kituo cha Harlem, na inakufikisha katikati ya Chicago kwa nusu saa hivi.

Mengi ya majengo hayo yalikuwa ya kupangisha. Illinois, jimbo letu la hapa, ilipitisha sheria ya kumiliki fleti mojamoja mwaka 1963, na baadaye wenye majengo wakaanza kuziuza. Tanzania ilipata sheria ya namna hiyo mwaka 2008, na Kenya ikaiandika upya ya kwake mwaka 2020, kwa hiyo ninayoyasema hapa yanamgusa pia anayenunua ghorofani Upanga au Kilimani.

Ukipita mitaani Oak Park usishangae kukosa bango la "Inauzwa". Jambo hilo lina historia, na mimi kama mtu mweusi siwezi kuipita kimya. Mwaka 1950 mwanakemia mweusi Percy Julian alinunua nyumba hapa. Kabla familia yake haijahamia, kuna watu walijaribu kuichoma moto. Mwaka uliofuata wakairushia baruti. Mji ukaamua kubadilika kwa sheria. Mwaka 1968 ulipiga marufuku ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba. Katika mitaa ya jirani ya Chicago, madalali walikuwa wakiwatisha wazungu kwamba weusi wanaingia, wauze upesi kwa bei ya kutupa, na kila bango jipya liliongeza hofu. Oak Park ikakataza mabango hayo miaka ya 1970. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mji mwingine, Willingboro, iliamua kwamba katazo la aina hiyo linavunja uhuru wa kusema. Hata hivyo madalali wa Oak Park waliendelea kwa miaka mingi kutoyasimamisha, kwa hiari yao. Nauheshimu mji huu kwa hilo, na ni sababu mojawapo ya kuwashauri watu wetu waje.

Karibuni nilimsindikiza binti mmoja wa Moshi, nesi, kuona fleti ya vyumba viwili ghorofa ya tatu. Ilipendeza kweli. Kabati nyeupe, kaunta ya mawe, sakafu ya mwaloni iliyopigwa msasa na kupakwa vanishi upya.

"Mjomba, wameshakarabati kila kitu," akaniambia tukiwa bado mlangoni.

"Haya mwanangu, tukakione hicho kila kitu."

Nilifungua kabati la chini ya sinki. Bomba jipya la shaba lilitokeza kama shubiri moja, kisha likaungwa kwenye bomba la chuma la tangu jengo lijengwe. Bomba hilo hujaa kutu ndani kwa ndani, na fundi wa jikoni hawezi kulibadilisha peke yake kwa sababu linapanda kupitia fleti zote tatu. Tukafungua maji ya jikoni na ya bafuni kwa pamoja. Ya bafuni yakawa uzi.

Kisha nikazima taa za sebuleni, nikawasha tochi na kuilaza ubavuni mwa dari. Dari iliyopakwa mara moja hung'aa sawasawa. Hii, karibu na dirisha la nyuma, ilitoa kiraka chenye mng'ao wake tofauti na vinundu vidogo vya rola. Ghorofa ya mwisho, kiraka kama hicho mara nyingi kimefunika doa la maji, na juu ya doa ni paa. Taa zote zikiwaka hulioni kabisa.

Nje nilitazama linta za chuma juu ya madirisha, maana zikishika kutu huvimba na kupasua matofali, na nikakanyaga ngazi za mbao za nyuma moja baada ya nyingine. Zilikuwa imara.

Chini ya jengo kulikuwa na boila. Majengo haya hupashwa joto kwa mvuke: boila moja huchemsha maji, mvuke ukapanda hadi kwenye radieta za chuma za kila fleti. Gharama yake kwa kawaida imo ndani ya ada ya mwezi, na hilo ni jema, lakini huna swichi yako. Wa chini akitetemeka, wa juu anafungua dirisha katikati ya Januari. Na boila likifa, limekufa kwa wote.

Hapo ndipo nilipomwambia adai karatasi. Sheria hiyo ya fleti ya Illinois, kifungu cha 22.1, inamtaka anayeuza fleti ampatie mnunuzi akiomba katiba ya chama cha wamiliki, hesabu za mwaka uliopita, hali ya akiba ya jengo, matengenezo makubwa yanayotarajiwa na kesi zilizopo mahakamani. Mimi huwaambia waombe, kupitia mwanasheria, na kumbukumbu za vikao. Humo ndimo majirani wanamolalamika kwa majina ya vitu: paa, mfereji, pampu.

Tuchukue mfano. Jengo lina fleti 12, paa linahitaji dola 60,000, akiba ni 24,000. Zilizobaki 36,000 zitachangwa na wenye fleti; wakiwa na mafungu sawa, kila mmoja 3,000, juu ya ada ya kila mwezi. Kwa kweli mafungu mara nyingi hayalingani, yamepangwa kwa asilimia katika hati ya jengo, kwa hiyo mnunuzi aitafute asilimia yake.

Hili si suala la fedha tu. Juni 2021 jengo la Champlain Towers South huko Surfside, Florida, liliporomoka na watu 98 wakafa. Matengenezo yalishajulikana kuwa yanahitajika, na wamiliki walikuwa wamevutana kwa miaka kuhusu gharama. Tangu hapo Fannie Mae, shirika linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, limekaza masharti. Kwa miaka mingi kipimo chake kimekuwa chama kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti kuwa akiba. Chama kisichotenga kinaweza kukunyima mkopo leo, na siku ukiuza kikamnyima mnunuzi wako.

Katika karatasi za binti yule paa lilikuwemo, limejadiliwa lakini halijachangiwa. Mwanasheria wake aliandika barua, muuzaji akakubali kubeba fungu hilo siku ya kukabidhiana. Binti akapiga hesabu upya pamoja na kodi ya nyumba, ambayo Kaunti ya Cook hukusanya mwaka mmoja nyuma, na kibali cha kuegesha gari, maana usiku mji hauruhusu kuliacha barabarani hivihivi. Akaona anamudu, akasaini.

Sasa anataka radieta zipakwe nyeupe. Nimemkataza kuzigusa kwa msasa. Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978, na hizo zina matabaka ya zamani zaidi ya hapo; vumbi lake linadhuru ubongo wa mtoto. Anayelipwa kuikwangua katika nyumba ya umri huo ni lazima awe na cheti cha kazi hiyo, na amwonyeshe mwenye nyumba kabla hajafungua ndoo.