Hofu inayobaki baada ya mlio wa bomu

Leo tumekusudia kuzungumzia maradhi ambayo mara nyingi hufikishwa kwetu misikitini kabla ya kufikishwa hospitalini. Nayo ni hofu inayobaki ndani ya mtu baada ya vita au mlipuko kupita. Watu wa jiji hili wana sababu ya kuijua kuliko wanavyodhani.

Msomaji apitaye Posta, katika makutano ya mitaa ya Samora na Azikiwe, huiona sanamu ya askari aliyenyoosha bunduki yenye singe kuelekea bandarini. Iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwendo mfupi kutoka hapo, ukishapita Mnazi Mmoja, unafika Kariakoo, mtaa uliorithi jina lake kutoka kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita hivyo hivyo. Wapagazi walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, wakafa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakufa kwa risasi bali kwa njaa, malaria na kuhara. Huko Ulaya, mwaka 1915, daktari Charles Myers alikuwa amekwisha kuandika katika jarida la tiba habari za askari waliopoteza kumbukumbu na uoni ilhali miili yao haina jeraha la kuelezea hali hiyo. Mpagazi wa Kariakoo alirudi kijijini na yaliyomo kifuani mwake, bila daktari wa kumwuliza analalaje usiku.

Elimu ya tiba ya leo inaeleza jambo hili kwa uwazi. Mwanadamu anapokabiliwa na mauti, mwili humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, misuli hukaza na macho hutafuta pa kukimbilia. Hiyo ni rehema ya Muumba, kwani bila ya hofu hiyo mtu angeteketea. Ugonjwa huanza pale kengele hiyo inapokataa kunyamaza baada ya hatari kuondoka. Mtu huota yale yale, hushtuka mlango ukibamizwa, hukwepa mahali fulani na mazungumzo fulani, hukasirika kwa jambo dogo, au hufa ganzi ya moyo hata asiweze kumfurahia mwanawe mwenyewe. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja na kumvurugia mtu maisha yake, madaktari huihesabu kuwa ni maradhi yenye jina na yenye tiba. Madaktari wa Marekani waliyaingiza katika orodha yao rasmi mwaka 1980, baada ya kuwashughulikia askari waliorudi kutoka Vietnam.

Sisi tulikuwa tumemaliza vita vyetu mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka Aprili 1979. Waliokufa wanakumbukwa kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, na ni haki yao. Lakini tumewahi kuketi na mzee mmoja aliyerudi salama kutoka vita hivyo. Kwa zaidi ya miaka ishirini mke wake alikuwa akimwamsha kwa kumwita kutoka mlangoni, kwa sababu siku moja alimgusa bega akiwa usingizini, akajikuta amekabwa koo. Familia ilisadiki kuwa ni majini. Walimpeleka kwa waganga, wakachinja mbuzi, wakafukiza ubani, na baadaye wakamleta asomewe. Tulimsomea, na Qur'ani ni shifaa bila ya shaka yoyote. Kisha tulimwuliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amemwuliza, nacho ni aliona nini huko. Alisimulia mpaka adhana ya Alasiri.

Wako wasemao kwamba mambo haya ni ya askari, na kwamba raia wa Dar es Salaam yamemwepuka. Hawakumbuki vizuri. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi, bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini hapa likaua watu 11, na lile la Nairobi likaua watu 213. Nairobi wengi walipofuka, kwa sababu walisikia vishindo vya mwanzo wakakimbilia madirishani kutazama, na vioo vikawarukia usoni. Kisha Jumatano ya tarehe 29 Aprili 2009 likalipuka ghala la silaha katika kambi ya jeshi ya Mbagala. Haikupita miaka miwili, usiku wa tarehe 16 Februari 2011, yakafuata maghala ya Gongo la Mboto. Katika kila moja ya misiba hiyo miwili walikufa watu zaidi ya 20. Havikuwa vita, bali zilikuwa ni zana za vita zilizolala jirani na vitanda vya watu. Usiku ule wa Gongo la Mboto uwanja wa ndege ulifungwa kwa muda, maelfu walikimbia gizani, mamia ya watoto wakapotezana na wazazi wao, na Uwanja wa Uhuru ukageuka kuwa mahali pa kulala. Mtoto aliyekuwa na miaka saba usiku ule leo ni mtu mzima wa miaka ishirini na ushei. Nyumba zilizobomoka ziliweza kuhesabiwa na kuandikwa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kauli inayotuudhi, ya kwamba mwenye imani hapatwi na haya. Tumwangalie Wahshi, aliyemwua Hamza (R.A.), ami yake Mtume (S.A.W.), siku ya Uhud. Miaka ikapita, akasilimu, na Uislamu wake ukakubaliwa. Imepokewa na Bukhari kwamba Mtume alimwuliza kama yeye ndiye aliyemwua Hamza, kisha akamwomba, kama anaweza, asimwonyeshe uso wake. Yule mtu alikuwa amesamehewa, lakini kumtazama kulirudisha yaliyopita. Ikiwa mbora wa viumbe alipata uzito huo, ni nani huyo wa kumwambia mjane au askari kwamba machozi yake ni upungufu wa imani?

Na sheria yetu haikuidharau hofu hata iliyo ndogo. Abu Daud amepokea kisa cha sahaba aliyelala safarini, mwenziwe akaichukua kamba yake kwa mzaha, akashtuka. Mtume akakataza kumtisha Muislamu. Kamba tu!

Sasa mtu apime kutoka kamba hiyo hadi Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, na Nagasaki siku tatu baadaye. Inakadiriwa kwamba hadi mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima na zaidi ya 70,000 Nagasaki. Wala tusidhani ni habari ya mbali. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa mabomu yale ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, kwa ndugu zetu wa Kongo wanaozungumza Kiswahili hiki hiki, walioichimba bila kuambiwa ni ya nini.

Bomu la kawaida likishalipuka, mtu huweza kusema limekwisha. La nyuklia halimpi ruhusa hiyo. Daktari wa akili Robert Jay Lifton, aliyewahoji manusura wa Hiroshima miaka ya 1960, alikuta watu wanaoogopa kila homa na kila tone la damu puani, kwa kuwa mionzi haionekani na huenda ikadai roho baada ya miaka. Alikuta pia watu wanaojilaumu kwa kubaki hai, waliosikia jamaa akiita chini ya kifusi nao wakakimbia moto. Wengi walificha kwamba walikuwepo siku ile, kwa kuwa posa zilivunjika pindi ilipojulikana, familia zikihofia watoto watakaozaliwa. Hili tuliopokea washenga majumbani mwetu tunalielewa bila kufafanuliwa, kwani nasi huficha mgonjwa wa akili chumba cha nyuma mpaka harusi ipite.

Mwaka 2024 jumuiya ya manusura hao, Nihon Hidankyo, ilipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Bara letu lilijitenga na silaha hizo kwa Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutumika mwaka 2009. Hata hivyo duniani vimebaki vichwa vya nyuklia vipatavyo 12,000 mikononi mwa mataifa tisa, na tangu vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vitisho vya kuvitumia vimerudi midomoni mwa wakubwa. Wazazi nao wanawaachia watoto simu zenye picha za maiti wa Gaza tangu Oktoba 2023, wakidhani wanawafundisha uchungu wa umma. Mtoto wa miaka sita hajifunzi siasa hapo, hujifunza kukojoa kitandani.

Kijana mmoja muuza nguo Kariakoo, aliyelelewa Gongo la Mboto, alitufikia na suala. Ameacha kuja Ijumaa, kwa kuwa kipaza sauti kikikoroma na msikiti ukiwa umejaa, pumzi humkatika akatafuta mlango. Je, amekuwa mnafiki? Tulimjibu kwamba mafakihi wametaja khofu na maradhi miongoni mwa nyudhuru za kuacha jamaa, na kwamba mgonjwa asiyeweza kuhudhuria Ijumaa huswali Adhuhuri nyumbani kwake, wala si mnafiki. Tukamtaka aende kitengo cha afya ya akili Muhimbili, na kamati ikamwekea nafasi safu ya nyuma, ubavuni mwa mlango. Anahudhuria kliniki. Ijumaa nyingine huja, nyingine haji.

Wallahu a'alam.