Jibu la Maabara Lisomwe Mara Mbili

Mwanamke wa Olumbi, ng'ambo ya Ruvuma, wilayani Palma, akigundua uvimbe katika titi, safari yake huwa ndefu: hadi Pemba, pengine Nampula. Huko hukatwa kipande kidogo cha nyama, kikapimwa, naye hurudi na karatasi isemayo kwamba chembechembe zake si za kawaida. Mumewe, pengine mwenzetu mwenye sare, huuliza neno moja tu: "Titi linakatwa lini?"

Twasema, ngoja kwanza, ndugu. Kamanda hasogezi kikosi kwa taarifa ya doria moja. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2015, wataalamu 115 wa Marekani walisomeshwa vioo vya maabara. Palipokuwa na saratani iliyokwisha kupenya, waliafikiana na jopo la mabingwa kwa asilimia 96. Palipokuwa na chembechembe zisizo za kawaida ambazo bado si saratani, asilimia 48 tu!

Bahati njema, kipande kile hakitupwi, bali huhifadhiwa ndani ya nta. Mgonjwa aombe kioo na nakala ya jibu, vipelekwe kwa bingwa wa pili, awe Maputo au Dar es Salaam. Yeye mwenyewe si lazima asafiri. Ikithibitika si saratani, zipo njia: kuondoa sehemu ile ndogo, dawa ya kupunguza hatari, au kupimwa kila baada ya muda. Ikiwa ni saratani, siku chache za kupata hakika kwa kawaida hazidhuru. Miezi ya kuzunguka kwa waganga ndiyo iuayo.

Uamuzi ni wa mwanamke. Mume aombe ruhusa kikosini, amsindikize.