Mwalimu arudi darasani: Elimu ya ukimbizini ina soko mpakani

Wahenga walisema elimu haina mwisho, ila hawakusema ada italipwa na nani. Swali hilo naulizwa kila wiki hapa Mabanda, kusini mwa Burundi, tangu ijulikane kwamba mwalimu aliyepita miaka 40 ameanza shahada ya uzamili ili aache chaki na kuingia kazi ya uwakala wa forodha.

Nilizaliwa Mishamo, Tanzania, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari na chuo kwa Kiingereza. Mwaka 2007 serikali za Burundi na Tanzania, pamoja na UNHCR, zilitupa hiari ya kuomba uraia wa Tanzania au kurudi. Takribani watu 162,000 walipewa uraia. Sisi wengine, zaidi ya 50,000, tulifunga mizigo.

Nilifika mwaka 2009 na shahada ya ualimu mkononi. Ofisi niliyopeleka vyeti iliniuliza kila kitu kwa Kifaransa, na vyeti vilikaa huko muda mrefu kabla ya kutambuliwa. Hatimaye nilipata kazi ya kufundisha Kiingereza. Ni kazi ya heshima, lakini mshahara wa mwalimu mnaujua.

Walionifungua macho ni akina mama wauza dagaa na mawese wanaovuka Mugina kwenda Manyovu. "Mwalimu, hebu nisomee hii," ndiyo salamu yao. Wengi hawakujua kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya Jumuiya na uliomo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Kodi nyingine zaweza kubaki. Asiyejua hayo hulipa asichodaiwa, au hupita njia za panya na kuhatarisha mtaji wote.

Nikaona kwamba lugha zilizonichelewesha nyumbani ndizo zinazotafutwa mpakani. Hata hivyo, kusoma karatasi za watu si sawa na kuendesha ofisi ya uwakala. Kunahitajika hesabu za biashara, sheria na usimamizi wa usafirishaji. Ndiyo maana nilichagua uzamili wa utawala wa biashara.

Nilijiunga na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Mwanafunzi husomea nyumbani, na chuo kina vituo mikoani, kikiwemo cha Kigoma. Kwa hiyo mchana nafundisha, usiku nasoma.

Tatizo ni fedha. Ada ni shilingi, mshahara ni faranga. Mei 2023 Benki Kuu yetu ilipunguza thamani ya faranga, na sisi tunaonunua shilingi tulilihisi pigo hilo mara moja. Mke wangu, ambaye naye huuza dagaa, aliweka sharti moja: "Baba watoto, soma, lakini mtaji wangu usiuguse." Tukakubaliana kwamba ada za watoto zitangulie, yangu ifuate kwa awamu. Muhula fedha isipotosha, nasimamisha masomo na watoto wanaendelea.

Ndugu mliorudi, wengi mnaniuliza mwanzie wapi. Kwanza, kusanyeni vyeti halisi na matokeo ya kila mwaka wa masomo kabla ya kujaza fomu yoyote. Aliyepata shahada nje ya Tanzania aulizie mapema utambuzi wake katika Tume ya Vyuo Vikuu ya nchi hiyo. Pili, msiache kazi mliyo nayo kwa kutegemea shahada ambayo bado hamjaipata. Tatu, chagueni fani kwa kuangalia watu wanawaombeni msaada gani tayari. Mimi sikulazimika kutafuta wateja. Walikuwa wamejipanga mlangoni.

Kwa sasa nimebakiza tasnifu, inayohusu wafanyabiashara wadogo wa Mugina. Hakuna aliyeniahidi ajira, na leseni ya uwakala ina masharti yake. Lakini wale akina mama wameanza kuomba wenyewe cheti cha uasili, bila kunisubiri. Enyi mnaovuka mpaka wiki hii, kiulizieni dirishani kabla ya kulipa.