Muvi ya wikiendi: rafiki aliyebaki kijijini

Boom likiingia, wengi wetu tunanunua bando na kurudi kwenye muvi zilezile za mabomu na magari kupinduka. Sina ugomvi nazo, hata mimi naziangalia. Ila wikiendi hii nakuomba saa mbili na dakika 27 kwa ajili ya muvi ambayo hosteli kwetu sijakuta mtu mwingine aliyeiona. Inaitwa Le otto montagne, yaani Milima Minane. Ukiitafuta mtandaoni andika The Eight Mountains.

Ni muvi ya Kiitaliano ya mwaka 2022. Waongozaji ni Wabelgiji wawili, Felix van Groeningen na Charlotte Vandermeersch, na hadithi imetoka kwenye riwaya ya Paolo Cognetti. Mwaka huohuo ilipata Tuzo ya Jopo la Majaji kwenye tamasha la Cannes, ikigawana na muvi nyingine. Huku kwetu ikapita kimya. Haina ngumi, na inabidi usome maandishi ya chini.

Pietro ni mtoto wa mjini, Turin. Kiangazi cha 1984 wazazi wake wanapanga nyumba kijijini, kwenye milima ya Alps, na huko anakutana na Bruno, mtoto pekee aliyebaki pale. Bruno anachunga ng'ombe. Wanakuwa marafiki vile watoto wanavyokuwa, bila kuulizana baba yako nani.

Kisha linakuja suala la shule. Wazazi wa Pietro wanataka kumsomesha Bruno mjini. Mimi ninayesomea ualimu nilikuwa tayari nimeshaanza kushangilia. Lakini Pietro mwenyewe anapinga, anaona watamharibu rafiki yake. Baba yake Bruno naye anamaliza mjadala kwa kumchukua mtoto akafanye kazi ya ujenzi. Wanapotezana miaka mingi. Wanapokutana tena, baba yake Pietro ameshafariki, na Pietro anagundua kuwa miaka yote aliyomnunia baba yake, mzee alikuwa akipanda milima na Bruno. Wawili hao wanajenga nyumba ya mawe ambayo marehemu aliitamani. Mwisho sikusimulii.

Kuna sehemu niliirudisha nyuma mara mbili. Pietro amekuja mlimani na marafiki zake wa mjini, wanasifia uzuri wa "asili". Bruno anawaambia hilo ni neno la watu wa mjini. Wao wa pale wana msitu, malisho, kijito, mwamba: vitu unavyoweza kuvinyooshea kidole na kuvitumia. Nilijiuliza ni mara ngapi sisi walimu watarajiwa tunaingia darasani na maneno makubwa, mbele ya mtoto anayelijua shamba kuliko sisi.

Hapo ndipo muvi iliponibana. Nina rafiki tuliyekaa naye dawati moja shule ya msingi. Yeye alibaki, analima vitunguu. Likizo iliyopita nilimshauri arudie mtihani wa kidato cha nne, nikamwandikia hadi ratiba ya kusoma. Alinisikiliza, akanishukuru, kisha akanipeleka kuona shamba lake. Mimi nikawa nachezea simu. Tangu siku hiyo hatukuongea tena.

Jina la muvi linatokana na simulizi anayoikuta Pietro huko Nepal: katikati ya dunia kuna mlima mrefu, umezungukwa na milima minane. Nani amejifunza zaidi, aliyeizunguka minane au aliyepanda ule mmoja wa katikati? Bruno ni wa mlima mmoja, Pietro ni wa kuzunguka. Muvi haimpi yeyote ushindi, na haifichi kwamba kila mmoja analipa gharama yake.

Ushauri wangu: ipakue usiku, intaneti ikiwa na kasi. Iangalie peke yako au na mtu mmoja, siyo chumba kizima. Nusu saa ya kwanza inakwenda taratibu, vumilia.

Mimi nilipomaliza nilimpigia rafiki yangu. Sikugusia mtihani. Nilimuuliza bei ya vitunguu, akaongea dakika 20 bila kupumua, kisha akaniuliza nitakwenda lini, kabla hajang'oa.