Kwa nini manowari hazitumii petroli

Kijana wa Rapsu, kaunti ya Isiolo, akifaulu katika usajili wa KDF anaweza kujikuta Mtongwe, Mombasa, akiwa mwanamaji. Kwao moto anaoujua ni wa jiko, wa nyasi kavu au wa petroli ya bodaboda. Melini atakula, atalala na kufanya kazi juu ya matangi ya mafuta. Je, usalama wake uko wapi?

Kwanza, ni aina ya mafuta. Petroli hutoa mvuke unaoweza kudaka cheche hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Dizeli ya manowari haitakiwi kutoa mvuke wa namna hiyo kabla ya kufika joto la nyuzi 60. Meli zetu za doria kama KNS Jasiri, iliyoundwa Uhispania na kupokelewa mwaka 2012, huendeshwa kwa injini za dizeli. Manowari nyingi kubwa za Marekani na Uingereza zina turbini za gesi, ndugu wa injini za ndege, lakini nazo hunywa dizeli hiyo hiyo.

Hata hivyo dizeli si maji. Hatari kubwa katika chumba cha injini ni bomba dogo linalovuja. Mafuta yanayosukumwa kwa nguvu hutoka kama manyunyu, na yakiangukia bomba la moshi lenye joto kali huwaka bila kiberiti. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za SOLAS, zilizowekwa kwa meli za biashara, zinataka sehemu yenye joto la zaidi ya nyuzi 220 ifunikwe pale ambapo mafuta yanaweza kuirukia. Wanamaji nao hujikinga kwa njia hiyo hiyo.

Moto ukizuka, mafuta hufungwa kwa valvu zilizo nje ya chumba, feni huzimwa na milango hufungwa ili moto ukose hewa. Kisha huweza kufunguliwa gesi ya kaboni dioksidi. Gesi hiyo huua watu pia, kwa hiyo lazima wahesabiwe kwanza: nani ametoka, nani bado?

Mitambo pekee haitoshi. Mwaka 1982, katika vita vya Falkland, manowari ya Uingereza HMS Sheffield ilipigwa kombora. Bomba kuu la maji ya kuzimia moto lilipasuka, mabaharia wakabaki na uwezo mdogo wa kupambana na moto. Watu 20 walikufa. Tangu hapo mafunzo ya kuzima moto melini yametiliwa mkazo zaidi.

Somo hili linafika hadi nyumbani. Chupa ya petroli iliyowekwa ndani karibu na jiko ni jambo ambalo hakuna fundi wa manowari angelikubali katika chumba chake cha injini. Itoe nje leo.