Usafishaji na Utunzaji wa Vipimo vya Maziwa

Katika chama cha ushirika cha maziwa, hukumu juu ya mali ya mwanachama hutolewa kila asubuhi na chombo chembamba cha kioo, nacho ni laktomita. Maziwa halisi ya ng'ombe aghalabu husomeka kati ya 26 na 32. Yakitiwa maji sehemu moja katika kumi, kipimo hushuka kwa takriban nukta 3. Kwa hiyo tofauti baina ya mkweli na mdanganyifu ni nukta chache tu.

Laktomita isiyooshwa vyema hushikwa na ukoko mgumu wa maziwa. Ukoko huo ni mzito kuliko maziwa yenyewe. Hukiongezea chombo uzito, nacho huzama zaidi na kusomeka chini ya ukweli. Hapo mwanachama aliyeleta maziwa safi huambiwa ametia maji, na debe lake hurudishwa mbele ya majirani. Katibu akiona kwamba foleni nzima imeshukiwa siku moja, na akikague kipimo kabla ya kuwakagua wanachama.

Kuosha kuna utaratibu wake. Maji ya kwanza yawe ya baridi au ya uvuguvugu, kwani maji ya moto huyagandisha maziwa juu ya kioo. Kisha hufuata maji ya vuguvugu yenye sabuni au magadi ya kufulia, na kitambaa laini. Mchanga, majivu na sufi ya chuma hukwaruza. Baada ya kusuuza, chombo kikaushwe na kuhifadhiwa kikiwa kimesimama. Ukoko uliokwisha kushika hulegea ukilowekwa katika siki. Laktomita isichemshwe kamwe: risasi zilizomo chini yake mara nyingi hushikizwa kwa nta, na nta ikiyeyuka risasi huhama. Yenye ufa, hata mdogo kama unywele, haifai tena.

Vyama vinavyolipa bei kwa kadiri ya mafuta hutumia njia ya Gerber, iliyobuniwa na Mswisi Niklaus Gerber mwishoni mwa karne ya 19. Hapa usafi waweza kumpofusha mtu, kwa kuwa kila chupa ya kupimia mafuta hutiwa mililita 10 za tindikali kali ya salfuriki. Mwoshaji na avae miwani ya kukinga macho, glovu za mpira na aproni. Chupa zimwagwe zingali na moto, kwa maana mafuta yakiganda hayatoki kwa urahisi. Kizibo kifunguliwe mdomo wa chupa ukielekezwa mbali na uso, na vilivyomo vimiminwe polepole katika chombo kisicholiwa na tindikali, chenye maji mengi yaliyotangulia kutiwa. Maji hutangulia, tindikali hufuata. Anayemwaga maji juu ya tindikali huifanya ichemke ghafla na kumrukia.

Taka hizo zitiwe magadi kidogo kidogo mpaka povu likome, ndipo zimwagwe katika shimo lililo mbali na kisima na hori la ng'ombe. Chupa zisuuzwe mara mbili kwa maji ya moto, zisuguliwe kwa brashi na maji ya magadi, zisuuzwe tena, kisha zikaushwe midomo ikiwa chini. Vizibo vya mpira vilivyovimba au kupasuka vitupwe.

Tindikali haivutwi kwa mdomo. Hutumika kipimo maalumu au kinyonyeo cha mpira. Wala isihamishiwe katika chupa ya soda, desturi ambayo haina udhuru wowote, maana mtoto au mgeni mwenye kiu hawezi kujua kilichomo. Alkoholi ya amili nayo iwekwe mbali na jiko, kwa sababu hushika moto. Mtu akirukiwa na tindikali, avuliwe mara moja nguo zilizolowa, na mahali palipoungua pamwagiwe maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20 au zaidi. Magadi yasipakwe mwilini. Jicho likipatwa lioshwe vivyo hivyo, na mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia.

Mashine ya kuzungushia chupa haihitaji mengi: chupa zipangwe zikikabiliana ili uzito ulingane, kifuniko kifungwe, nayo iachwe isimame yenyewe. Chupa ikivunjika ndani, vipande viokotwe kwa koleo na tindikali iondolewe siku hiyo hiyo, la sivyo chuma kitalika.

Lililo muhimu mno, na ambalo gharama yake ni ndogo, ni kuwa na laktomita ya pili isiyotumika katika kupokea maziwa. Mara moja kwa juma zote mbili zitiwe, moja baada ya nyingine, katika maziwa yale yale yenye joto lile lile. Zikitofautiana, ile ya kazi ioshwe na kupimwa upya. Tofauti ikibaki, iondolewe. Tarehe na masomo yote mawili yaandikwe katika daftari linalowekwa kaunta ya kupokelea, ambapo mwanachama aliyekataliwa maziwa aweza kulifungua na kujisomea.